Pumzi, misuli, meditesheni, daftari au kuongea na mtu: uchague ipi ya kutuliza akili chuoni?

UE (mitihani ya mwisho wa semista) ikikaribia vimbweta (meza za nje za kusomea) vinajaa mpaka usiku wa manane, madesa (notsi) yamezagaa, mtu anasoma ukurasa uleule mara nne na hakuna kilichoingia, mwingine kamkalia kooni rumeti wake kisa sufuria haijaoshwa. Ukifungua magrupu ya WhatsApp ushauri unamiminika: vuta pumzi, pakua apu ya meditesheni, we sali tu, andika unachojisikia, tafuta mtu uongee nae. Wote wana nia nzuri na wote wanaweza kuwa sahihi, ila yule aliyekwama anabaki palepale maana hajui aanze na ipi, alafu akijaribu moja ikigoma anahitimisha kwamba haya mambo ni ya wazungu tu.

Hapa nimeziweka tano pembeni kwa pembeni. Sitakwambia ipi ni bingwa kwa sababu kiukweli hazifanyi kazi moja. Kila moja inagusa sehemu yake kwenye ile kitu inaitwa akili hisia, na ukishajua wewe unavujia wapi kuchagua kunakuwa rahisi sana.

Akili hisia kwa kifupi. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliandika kuihusu mwaka 1990, baadae Daniel Goleman akaja kuifanya ijulikane dunia nzima 1995. Salovey na Mayer wanaigawa kwenye uwezo wa aina 4: kuzitambua hisia (zako na za mwenzio), kuzitumia zikusaidie kufikiri, kuzielewa zimetoka wapi na zinaelekea wapi, na kuzimudu. Hamna sehemu iliyosema ukae kimya utabasamu, na hapa watu wengi wanachanganya, wanamuona mtu anayemeza kila kitu wanasema huyu kakomaa. James Gross wa chuo kikuu cha Stanford na wenzake walishaonyesha kwenye majaribio kwamba mtu anayeficha hisia usoni, ndani bado anaisikia, mwili unapata kazi ya ziada, na anakumbuka vibaya yale yaliyosemwa wakati anajizuia. Sasa we jifikirie umekaa kwenye lekcha masaa mawili unajizuia usilie. Unatoka na nini?

Na kutulia kunaingiaje hapo? Mwili ukiwa kwenye presha moyo unaenda mbio, misuli imekaza, kichwa kinatafuta hatari tu, kwahiyo hata ukiulizwa unajisikiaje jibu ni "sijui, niache". Ukitulia kidogo unapata nafasi ya kujisoma. Hiyo nafasi peke yake bado sio akili hisia, ila bila hiyo huwezi kuanza. Alafu usitafute kutulia kama umelala. Robert Yerkes na John Dodson tangu 1908 walionyesha kwamba msisimko kiasi unasaidia kujifunza na ukizidi unaharibu, kazi ikiwa ngumu ndo unaharibu mapema zaidi. Kwahiyo kihoro kidogo kabla ya pepa kina kazi yake, kiache.

Nimezipima kwa vigezo gani

Bei nimeiacha nje, zote ni bure au karibu na bure. Nilivyoangalia ni hivi: muda na eneo (chumba cha hosteli chenye watu wanne, mmoja anapiga singeli, mmoja anapika, sio sehemu ya kuwasha mishumaa), spidi yake yani inakusaidia saa hiyohiyo au baada ya wiki kadhaa, inakujenga sehemu ipi ya akili hisia, inagomea wapi, na mwisho inamfaa mtu wa aina gani.

1. Pumzi za polepole

Vuta kwa pua ukihesabu 4, toa taratibu ukihesabu 6. Hiyo ni kama sekunde 10 kwa pumzi moja, yani pumzi 6 kwa dakika, fanya dakika 5. Moyo kwa kawaida unaongeza spidi kidogo ukivuta hewa na unapunguza ukiitoa, kwahiyo ukirefusha ile ya kutoa unaupa mwili muda mwingi zaidi wa kushuka. Kuna utafiti wa Stanford uliotoka 2023 walilinganisha aina kadhaa za kupumua na meditesheni, dakika 5 kila siku kwa mwezi mmoja, zote zilisaidia, ila iliyomfanya mtu ajisikie vizuri zaidi ni ile ya kuvuta hewa mara mbili kwa pua, ya pili fupi juu ya ya kwanza, alafu unaiachia ndefu kwa mdomo kama mtu aliyetua mzigo.

Muda na eneo: hapa hamna inayoifikia. Unafanya kwenye daladala umesimama, unafanya mlangoni mwa ukumbi wa mtihani, unafanya umekaa kwenye kiti chako karatasi imegeuzwa chini na hakuna atakayejua.

Spidi: dakika moja au mbili unaanza kuona mabega yameshuka.

Akili hisia: inakupa kumudu, basi. Haikwambii kwanini umepaniki, haikwambii kwanini kila ukimuona msimamizi wako wa utafiti tumbo linasokota. Ila ile nafasi ndogo kati ya kusoma meseji ya kuudhi kwenye grupu la asaimenti na kuijibu, ukiweka pumzi tatu ndefu pale katikati, urafiki mwingi ungepona.

Inagomea wapi: watu wengi wanavuta kwa nguvu na haraka wakidhani ndo kupumua vizuri, matokeo yake kichwa kinakuwa chepesi, vidole vinawasha, wanazidi kuogopa. Hiyo ni kwa sababu umetoa kaboni dayoksaidi nyingi kupita kiasi, punguza spidi tu itarudi sawa. Na kuna mtu ambaye akianza kuichunguza pumzi yake ndo anaona kama inakata. Huyo asijilazimishe, aende namba 2.

Inamfaa: yule ambaye mwili unalipuka kabla ya kichwa. Jasho viganjani, sauti inatetemeka kwenye prezentesheni, au unasoma swali la kwanza unakuta kichwa cheupe.

2. Kukaza na kulegeza misuli

Hii ni ya daktari wa Marekani Edmund Jacobson, aliitoa miaka ya 1920, na ya kwake ilikuwa ndefu balaa, mafunzo ya miezi. Miaka ya 1950 Joseph Wolpe wa Afrika Kusini akaifupisha, na saivi inayotumika sana ni ya makundi 16 ya misuli, kama dakika 20 hivi, ukiizoea unaunganisha makundi inakuwa fupi zaidi.

Ngoja nieleze vizuri maana hii ukiisoma juujuu utaona utani. Umelala chali kitandani, taa imezimwa. Anza na mkono unaoandikia: kunja ngumi, kaza kwa sekunde 5 mpaka 7, usikaze mpaka iume, sikilizia ule moto unaopanda kwenye kigasha. Sasa achia ghafla, yote kwa mpigo, sio taratibu. Usiende kwingine bado. Tulia sekunde 20 au 30 uone mkono unavyokuwa mzito na joto linavyoshuka kwenye vidole. Hiyo tofauti ndo dawa yenyewe, wanaoruka hapa wanatoka wanasema haifanyi kazi. Mkono mwingine. Kisha paji la uso, macho, meno uyaume kidogo, mabega yapande mpaka masikioni alafu yaangushe, tumbo, mapaja, mwisho miguu. Kwenye mashavu ya miguu vuta vidole vije upande wako, usivinyooshe mbele kwa nguvu, utapigwa na mkakamao saa sita usiku na rumeti ataamka anauliza kuna nini.

Muda na eneo: inahitaji kulala au kukaa vizuri, ila haihitaji ukimya. Singeli ikilia wewe endelea, shuka likiwa juu yako hakuna anayeona. Kwenye chumba cha mtihani huwezi kufanya yote, unaweza kukaza vidole vya miguu ndani ya kiatu na kuachia, inasaidia kidogo.

Spidi: usiku huohuo unaweza kulala, ila utamu wake unakuja baada ya wiki moja mbili, mwili unapoanza kukumbuka njia.

Akili hisia: watu wanaidharau hii kwa sababu inaonekana ya mwili tu, wakati inafundisha kutambua. Unakuja kugundua taya lako lilikuwa limekazwa tangu asubuhi, tangu lekchara alipokujibu vibaya mbele ya darasa, na wewe ulikuwa unasema uko fresh. Baada ya muda unalinasa taya mapema, ukilinasa unajua hasira imeingia, na ukijua unaamua la kufanya kabla hujamtupia mtu asiyehusika.

Inagomea wapi: kama una jeraha, mgongo au shingo inasumbua, ruka sehemu hiyo au muulize daktari kwanza. Alafu wapo wachache ambao wakianza kulegea ndo wasiwasi unapanda, kama vile mwili umezoea kukaa lindo unaona hatari kushusha silaha. Inatokea, sio kwamba umerogwa. Fanya kwa kukaa, macho wazi, dakika chache tu.

Inamfaa: asiyelala, anayeamka shingo imekaza, na mtu ambaye hapendi kabisa habari za kukaa na mawazo yake. Unampa kazi ya mikono na miguu, anaifanya, anatulia bila kujua.

3. Meditesheni ya kuwa makini

Yani kukaa, kuchagua kitu kimoja (pumzi, sauti, mguso wa miguu sakafuni), akili ikikimbia unaiona imekimbia, unairudisha bila kujigombeza. Jon Kabat-Zinn aliianzisha kama kozi kwenye hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts mwaka 1979 kwa wagonjwa wenye maumivu sugu. Asili yake ni Ubudha, yeye akaifundisha bila ibada.

Na hapo ndipo wengi wetu wanasita, na sioni sababu ya kuwacheka. Mama akisikia unafanya meditesheni anaweza akaita mchungaji. Ukisita, kuna njia ya pembeni: daktari wa moyo wa Harvard, Herbert Benson, miaka ya 1970 alieleza kwamba mwili unatulia pia mtu akirudia neno au sala fupi ya imani yake mwenyewe huku akiacha mawazo mengine yapite. Kwahiyo mwenye rozari, mwenye tasbihi na nyiradi zake baada ya sala, tayari ana kitu mkononi. Sisemi dini ni mbinu ya kupunguza stresi, mwenye dini yake anajua anasali kwa ajili ya nini, nasema tu mwili nao unanufaika.

Kwa wanafunzi hii ina ushahidi mzuri. Chuo kikuu cha Cambridge waliwachukua wanafunzi 616, wakawagawa kwa bahati nasibu, nusu wakapata kozi ya wiki 8 pamoja na huduma za kawaida za chuo, nusu huduma za kawaida peke yake. Matokeo yalitoka 2017: kipindi cha mitihani waliosoma kozi walikuwa na msongo mdogo kuliko wenzao. Lakini angalia, wiki 8. Kozi ilianza kabla, mitihani ikaja ikawakuta wako tayari. Mtu anayepakua apu jumapili usiku wakati pepa ni jumatatu saa 2 asubuhi, anapoteza bando.

Muda na eneo: dakika 10 kwa siku kuanzia, na inataka utaratibu. Hosteli ni ngumu, jaribu alfajiri kabla watu hawajaamka au kona ya maktaba. Kwa walioko vyuo vya Mzumbe au SUA kule Morogoro, pale chini ya milima ya Uluguru, nawaonea wivu, toka nje tu ukae.

Spidi: taratibu kuliko zote. Siku za mwanzo utajiona una kelele kichwani kuliko ulivyodhani, ni kwamba zamani ulikuwa huzisikilizi.

Akili hisia: kutambua, kwa kiwango ambacho nyingine hazifiki. Unajifunza kusema kimoyomoyo "hii ni hofu", "huu ni wivu, kapata A na tulisoma wote". Matthew Lieberman na wenzake wa UCLA walionyesha 2007 kwamba kuipa hisia jina kunapunguza shughuli kwenye amigdala, sehemu ya ubongo inayopiga king'ora. Ukiweza kusema wivu ni wivu, unapungua nguvu ya kukutuma umnunie rafiki yako.

Inagomea wapi: aliyepitia jambo zito, msiba wa karibu, kubakwa, ajali, anaweza kukaa kimya picha zikamfuata. Huyo asifanye peke yake, atafute mtaalamu. Na mtu wa pupa ataiacha siku ya tatu.

Inamfaa: aliye mwanzoni mwa semista, mwaka wa kwanza hasa, na yule mwenye hasira za karibu, anajibu kwanza alafu anajuta.

4. Kuandika

Daftari, kalamu, dakika 15. Andika kilichokusumbua na ulivyojisikia, bila kujali sarufi, usinyanyue kalamu. James Pennebaker alifanya hivi na wanafunzi wa chuo Marekani, utafiti ukatoka 1986: dakika 15 kwa siku 4 mfululizo. Walioandika mambo mazito, tukio pamoja na hisia zake, miezi iliyofuata walikwenda mara chache zaidi kwenye kituo cha afya cha chuo kuliko walioandika vitu vya kawaida. Ila palepale baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi, hii watu hawaisemi. Na kwa mitihani kabisa, Gerardo Ramirez na Sian Beilock wa chuo kikuu cha Chicago walichapisha 2011 kwamba kuandika hofu zako kwa dakika 10 kabla tu ya mtihani kuliwapandisha alama wale wenye wasiwasi mkubwa. Inaonekana ile hofu ikitua kwenye karatasi inaacha nafasi kichwani ya kufanyia hesabu.

Mfano wa ukurasa ulivyo (sup ni mtihani wa marudio): "Naogopa sup ya takwimu. Sijui hata nitaanzia wapi. Naogopa sup. Kiukweli sup nitaifanya, watu wanafanya. Naogopa kumpigia mama, ameuza mbuzi kwa ajili ya ada." Umeona? Ilianza takwimu ikaishia kwa mama. Na hayo ni matatizo mawili tofauti, moja dawa yake ni madesa na diskasheni, la pili dawa yake ni simu.

Hiyo ndo sehemu yake kwenye akili hisia: kuelewa. Hamna nyingine kwenye hizi tano inayofukua chanzo hivi, labda kuongea, tena na msikilizaji mzuri.

Muda na eneo: popote, ila siri ni shida ya kweli. Rumeti mdadisi, daftari lipo juu ya meza, imeisha hiyo. Andika alafu chana, faida iko kwenye kuandika sio kutunza. Simu yenye nywila sawa pia, japo meseji zitakukatiza.

Spidi: kabla ya pepa, dakika 10 zinatosha. Kwa mambo mazito tegemea kushuka kwanza ndo upande.

Inagomea wapi: ukijikuta kila siku unaandika sentensi ileile, "najichukia, najichukia", hapo huelewi tena, unakoroga. Simama, nenda kwa mtu. Na jambo likiwa bado bichi kabisa, limetokea leo, lala kwanza.

Inamfaa: mkimya, asiyemwamini mtu, na vijana wa kiume walioambiwa tangu utoto mwanaume halii. Daftari halina cha kukucheka.

5. Kuongea na mtu

Hii tunadhani tunaijua kwa sababu tunaongea kutwa. Kupiga stori na kusikilizwa ni mambo mawili. Zimbabwe kuna mradi unaitwa Friendship Bench, ulianza Harare 2006 chini ya daktari wa afya ya akili Dixon Chibanda, bibi wa mtaani wanafundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu apange hatua za tatizo lake, wanakaa kwenye benchi nje ya kliniki. Utafiti uliochapishwa 2016 ulikuta waliopita pale dalili zao zilipungua kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi tu na bibi aliyefundishwa. Sisi vimbweta tunavyo, kinachokosekana ni anayesikiliza.

Shida yenyewe iko hivi (kudisko ni kuondolewa chuo kwa kufeli):

"Mwanangu nahisi nitadisko."
"Acha ujinga we, mbona wenzio wanafaulu, soma."

Mazungumzo yameisha hapo. Jaribu kuomba unachotaka mapema: "Kaka nina jambo, sitaki ushauri kwa leo, nisikilize tu dakika kumi." Utashangaa watu wanavyoweza ukiwaelekeza.

Muda na eneo: inategemea ratiba ya mwenzio, na wiki ya UE kila mtu anazama na lake. Zungukeni nje mkitembea, ndani kuna masikio.

Spidi: ukimpata mtu sahihi, saa hiyohiyo.

Akili hisia: inagusa karibu zote, na ni hii peke yake kati ya tano inayokufundisha kumsoma mwingine. Siku ukiwa wewe unayesikiliza ndo unajifunza zaidi, unajizuia kukatiza, unaona uso wa mtu unavyobadilika akitaja jina la baba yake.

Inagomea wapi: siri inavuja, kesho iko kwenye grupu. Au mnakuwa wawili wenye hofu moja mnalishana, kila mkikutana ni kuhesabu koswek (alama za kazi za semista) zenu na nani atadisko, mnaachana mkiwa hoi kuliko mlivyokuja. Kama ndo ilivyo kwenu, badilisheni mada au badilisha mtu. Vyuo vingi vina mshauri nasaha chini ya ofisi ya mlezi wa wanafunzi, wapo kwa ajili hiyo na hawatoi siri hovyo kama rafiki.

Inamfaa: ambaye tatizo lake lina mtu ndani yake. Mpenzi, memba wa grupu asiyefanya kazi, bumu (pesa ya mkopo ya kujikimu) limechelewa na nyumbani wanaamini unakula vizuri.

Zikiwekwa uso kwa uso

Pumzi na misuli zinakutuliza bila kukuuliza maswali. Pumzi ni ya haraka na ya kificho, misuli ni ya usiku na inazama zaidi. Daftari na kuongea vinauliza maswali, daftari linatunza siri ila halikurekebishi ukijidanganya, mtu anaweza kukurekebisha ila anaweza pia kukuanika. Meditesheni iko katikati, haikupi usingizi wa leo wala jibu la tatizo, inakunoa jicho la kujiona, na inadai muda ambao wengine hawakudai.

Kulala na mazoezi sijaviweka kwenye ulinganisho maana vile ni msingi. Shirika la afya duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, ukitembea kwa haraka kwenda na kurudi kipindi umepata sehemu kubwa. Anayelala masaa matatu na kopo mbili za enaji, hakuna pumzi itakayomuokoa.

Sasa wewe uko wapi?

Pepa ni kesho: pumzi jioni, misuli ukiingia kitandani, asubuhi ukifika mapema andika hofu zako dakika 10 uchane, mlangoni pumzi tena. Meditesheni usiianze leo.

Semista ndo inafunguliwa: hapa ndo pa meditesheni, dakika 10 kila siku mpaka test ya kwanza, weka na jogingi mara mbili tatu kwa wiki.

Una prezentesheni na unatetemeka: pumzi, alafu jaribu na kitu kimoja cha ziada, jiambie kwa sauti "nina mzuka" badala ya "tulia". Alison Wood Brooks wa Harvard alikuta 2014 kwamba waliojiambia wana msisimko walifanya vizuri kuliko waliojiambia watulie, na inaingia akilini, mwili ulioshawaka ni rahisi kuugeuza kuliko kuuzima.

Umegombana na rumeti au memba wa grupu: pumzi kwanza kabla hujajibu, kisha mfuate mwongee mkiwa wawili, sio kwenye grupu. Kama hujui hata kwanini imekuuma kiasi kile, pitia daftarini kabla ya kumfuata.

Umeshapata sup au umedisko: hapa mbinu za dakika 5 ni ndogo. Andika, ila siku hizo usikae peke yako, tafuta mtu wa kuongea nae, na jambo la kumwambia mzazi lipange na mtu mzima unayemwamini.

Wiki mbili zimepita huli, hulali, hakuna kinachokufurahisha, au umeanza kuwaza kujidhuru: acha kulinganisha. Nenda zahanati ya chuo au hospitali iliyo karibu leo, mwambie hata mtu mmoja akusindikize, usiku ukiingia usilale peke yako chumbani.

Na kama umesoma yote hujui unaangukia wapi, fanya hivi kwa siku tatu. Weka alamu saa 4 asubuhi, saa 10 jioni na saa 3 usiku. Ikilia andika neno moja la unachojisikia na sehemu ya mwili unapokisikia. Mwisho angalia ulichoandika. Yakiwa mengi ni ya mwili, kichwa, tumbo, shingo, anza na misuli au pumzi. Kukiwa na majina ya watu kila mahali, nenda kaongee. Yakiwa ya kusoma na matokeo na kesho, chukua daftari. Na kama mara zote tisa umeandika "poa", "fresh" na "bize tu", anza na meditesheni.